Mtetemo wa Kilomita 80

Ubovu mwingi wa gari hujitangaza wenyewe. Injini hugoma kuwaka, breki hulia, rejeta huchemka mpaka mvuke ukafunika kioo. Mtetemo wa mwendo kasi hauna hisani hiyo. Haisi inatoka Chalinze imetulia, inavuka matuta ya vijijini bila neno, kisha barabara inanyooka kuelekea Segera, mshale unapita 70, na kitu chini ya sakafu kinaanza kuvuma. Ikifika 80, vioo vinacheza na lori moja lililo nyuma linaonekana mawili. Dereva akipunguza hadi 60, kimya kinarudi. Akiliingiza gari gereji, fundi anakuta chombo kizima kimesimama juu ya magurudumu yake, na gari lililosimama halitetemi. Ugonjwa umebaki barabarani.

Ndiyo maana, katika kazi zote za gereji, hii ndiyo ninayoivulia kofia. Kushusha injini ni kazi kubwa, lakini injini inaonekana. Kuutafuta mtetemo ni kukitafuta kitu ambacho kipo kwa sekunde chache tu, kwa mwendo mmoja tu, mahali ambapo fundi hawezi kuingiza kichwa chake.

Njia inayofuatwa na wengi ni kubadilisha vitu. Wanaanza na kubalansi tairi, wanakwenda kwenye alaimenti, wanafungua shokapu, wanaweka bushi mpya, tairodi endi mpya, beringi mpya. Kila kimoja kina sababu yake, na kila kimoja kina risiti yake. Mwenye gari analipa, dereva analijaribu, na kwenye kilomita 80 vioo vinacheza vilevile. Mwishowe watu wanalizoea. Kulizoea gari linalotetema ni jambo la hatari, kwa sababu baadhi ya mitetemo ni ya tairi linaloachana nyuzi zake za ndani, au nati zinazolegea, au krosi ya propela inayokaribia kukatika, na nyuma ya dereva wamekaa watu kumi na kitu.

Fundi ninayemkusudia ana gereji ndogo Tanga, na madereva wa Haisi humpelekea magari yaliyowashinda wengine. Nilimkuta siku ambayo kijana mmoja alimletea Haisi ya lile toleo lililotoka mwaka 2004, bodi ndefu. “Shikamoo fundi,” kijana akaanza, na hapohapo akamwaga orodha: tairi mbili za nyuma mpya, shokapu zote nne, tairodi endi, kubalansi mara mbili kwenye maduka mawili. “Marahaba,” fundi akaitika, akamwacha amalize. Kisha hakwenda uvunguni. Alivuta kigoda akakaa.

“Mtetemo unausikia wapi, mwanangu? Usukanini, kitini, au miguuni?”

Kwa gari dogo swali hilo linatosha karibu kumaliza nusu ya kazi. Usukani ukicheza, mara nyingi mashaka yanakwenda mbele, kwenye tairi za mbele na viungo vyake. Kiti na sakafu vikitetema huku usukani umetulia, unatazama nyuma na katikati. Lakini Haisi ina umbo lake. Dereva amekaa juu kabisa ya magurudumu ya mbele na injini iko chini ya viti vyake, kwa hiyo kila kitu cha mbele kinamfikia haraka na kila cha nyuma kinamfikia kimechoka. Fundi alilijua hilo. Alipomaliza kumsikiliza dereva alimgeukia konda, ambaye hakuna fundi mwingine aliyekuwa amemuuliza lolote.

“Na wewe, gari likiwa halina watu unakaa siti ya mwisho. Unasikia nini?”

Konda akasema masikio yanaziba. Si kutikiswa hasa. Ni mvumo, unaanza na kuzidi, mpaka akiongea na simu hasikii vizuri. Na likijaa abiria? Akafikiri. Likijaa hausumbui sana.

Nilimwona fundi akinyamaza kidogo hapo. Maswali yaliyofuata yalikuwa mafupi. Ukikanyaga breki unabadilika? Hapana, basi si diski iliyopinda. Ukiachia mafuta? Unapungua kidogo. Ulianza lini mara ya kwanza? Dereva hakukumbuka vizuri, ila ilikuwa kabla ya mvua. Na kabla ya hapo gari lilifanyiwa nini? Hakuna, alisema dereva. Jibu hilo fundi hakulipinga wala hakulichukua.

Ili kuona alichokuwa akikitafuta, inabidi kufanya hesabu kidogo, na hesabu hii ndiyo uti wa mgongo wa ufundi wenyewe. Tairi la kawaida la Haisi hiyo, la 195 kwa rimu ya inchi 15, hutembea mita 2 na kidogo kila linapozunguka mara moja. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo kila tairi linazunguka mara 10 na nusu hivi kwa sekunde. Propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara 4 na kidogo kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kwa sababu ndivyo meno ya difu yalivyopangwa. Propela basi iko kwenye mizunguko 43 hivi kwa sekunde. Na krosi ya propela, ikiwa imekaa kwa pembe mbaya, hupiga mara mbili katika kila mzunguko wa propela: mapigo 86.

Mapigo 10, mapigo 43, mapigo 86. Hayafanani hata kidogo, na mwili unayapokea kwa njia tofauti. Ya tairi yanaonekana kwa macho: maji yanacheza kwenye chupa, mashavu ya abiria aliyesinzia yanatikisika. Ya propela isiyo na balansi yanaingia kwenye nyayo na mapaja kama ganzi. Ya pembe ya krosi yanapanda mpaka masikioni yakawa mvumo. Mzoefu huyatenga kama mpiga ngoma anavyolitenga pigo la chapuo na la msondo wakati wengine wote wanasikia kishindo kimoja. Konda aliposema masikio yanaziba, tayari alikuwa ameyatoa matairi kwenye orodha ya watuhumiwa wakubwa, na matairi ndiyo yaliyokuwa yamelipiwa fedha nyingi.

Hata hivyo matairi hayastahili kupitwa haraka, maana ndiyo yenye makosa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Chukua kipande cha risasi cha gramu 30 kilichodondoka kutoka ukingo wa rimu. Kwenye kilomita 80, upungufu huo mdogo unalivuta gurudumu kwa nguvu ya uzito wa kilo 2 na nusu, upande mmoja kisha wa pili, mara 10 kila sekunde. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: kwenye kilomita 40 ni robo tu ya hiyo, ndiyo sababu mjini husikii kitu. Tope la barabara ya vumbi likikauka ndani ya rimu linafanya kazi ileile, na nimeona mtetemo wa wiki nzima ukiondolewa kwa bisibisi na ndoo ya maji. Kuna tairi linalobalansi vizuri kabisa kwenye mashine lakini si duara. Mashine inapima uzito, haipimi umbo, na barabara inapima vyote viwili. Kuna rimu za fasheni ambazo tundu lake la katikati ni kubwa kuliko haba, zinazotegemea nati peke yake kukaa katikati, na nati zikikazwa kwa kufuatana kwa mzunguko badala ya kuruka upande hadi upande, rimu inafungwa ikiwa imeegemea pembeni.

Lipo pia jambo la mtetemo unaokuja na kuondoka. Dereva anasema unatetema, unatulia, unatetema tena, na barabara ni ileile na mwendo ni uleule. Watu humwona anababaisha. Kumbe matairi mawili yasiyo na balansi, moja likiwa limelika kidogo kuliko jingine, hayazunguki kwa mwendo sawa. Tofauti ya nusu asilimia katika mzingo inatosha: kwenye kilomita 80 mapigo yao yanakutana na kuongezana nguvu kila baada ya sekunde 19 au 20 hivi, kisha yanapishana na kufutana. Fundi anayejua hilo, akiambiwa “unakuja na kuondoka”, anauliza kila baada ya muda gani.

Na kwa nini 80, si 50 wala 110? Nguvu yenyewe inakua na mwendo, lakini si hiyo tu. Gurudumu pamoja na ekseli yake, likiwa limebanwa kati ya tairi linalonepa na springi, lina mapigo yake lenyewe linayoyapenda, na kwa magari mengi yako kati ya 10 na 15 kwa sekunde. Tairi linapozunguka kwa idadi hiyohiyo linaligusa gurudumu palepale linapotaka kurukaruka. Ndiyo maana kuna madereva wanaosema ukikazana ukafika 100 unatulia. Wanasema kweli, na ukweli huo ni mbaya, kwa sababu kasoro haijaondoka; imepitwa tu. Kenya, ambako matatu hufungwa kidhibiti mwendo cha 80, gari lenye kasoro hiyo linaweza kushinda kutwa nzima ndani ya mwendo unaolitesa.

Siku ya pili walitoka alfajiri, gari tupu, barabara haina watu. Fundi alikaa siti ya mwisho, viatu amevua. Dereva akapandisha hadi 80 kwenye gia ya tano, mvumo ukaingia. “Rudisha ya tatu, mwendo uleule.” Injini ikapiga kelele, mvumo wa chini ukabaki ulivyokuwa. Kipimo hiki ni kizuri sana kwa wepesi wake. Ukibadilisha gia bila kubadilisha mwendo, injini inabadilisha mizunguko lakini propela na matairi hayabadiliki. Mtetemo usiobadilika hauwezi kuwa wa injini. Na fundi hakuomba gia ya nne, kwa kuwa kwenye giaboksi za aina hiyo gia ya nne ni ya moja kwa moja: injini na propela zinazunguka sawasawa, na hapo huwezi kumtenga mmoja na mwenzake. Baadaye, kwenye tambarare ndefu, akamwambia dereva akanyage klachi aache gari liserereke kidogo. Mvumo ulipungua ila haukufa. Mzigo wa injini unauongeza, lakini haukuuzaa.

Kijana anayejifunza kazi kwake alikuwa ameweka simu sakafuni, ikiwa na programu inayosoma mitikisiko. Simu ikaonyesha kilele karibu na 86. Mzee aliitazama, akatikisa kichwa kukubali, akamwambia kijana aandike namba hiyo pamoja na mwendo na gia. Nilipenda kwamba hakuibeza. Alikuwa amefika mahali hapo kwa nyayo na maneno ya konda, na kifaa kikifika palepale kwa njia yake ni shahidi wa pili.

Waliporudi gereji, gari liliinuliwa, na hapa nikaona jambo ambalo wengi wasingelitilia maanani. Stendi hazikuwekwa chini ya chesesi. Aliziweka chini ya ekseli yenyewe ya nyuma, ili springi zibaki zimebeba uzito kama barabarani. Gari likiinuliwa kwa chesesi ekseli inaning’inia, propela inapinda kwa pembe ambayo haina ikiwa barabarani, na lolote utakaloliona hapo ni uongo. Magurudumu ya nyuma yakatolewa, ngoma za breki zikabanwa kwa nati zake, magurudumu ya mbele yakawekewa vigingi, gari likawashwa na kupandishwa mwendo taratibu. Mvumo ukaja, bila tairi hata moja la nyuma. Zile tairi mpya hazikuwa na kesi ya kujibu.

Propela ya Haisi ndefu ina vipande viwili, na katikati inashikwa na senta beringi iliyolazwa ndani ya mpira. Mpira ukichanika shafti inacheza. Aliukagua kwa mkono, ulikuwa mzima. Krosi alizishika moja moja akazungusha huku na huku akitafuta mlegeo, hakuna. Akatazama kama masikio ya shafti kwenye ncha zake yamelala katika mstari mmoja, kwa sababu aliyewahi kuifungua bila kuiwekea alama anaweza kuirudisha imepishana, na kosa hilo lina mlio huohuo. Yalikuwa sawa.

Ikabaki balansi ya propela au pembe zake. Kwa balansi alitumia njia ya klipu mbili za kubania mpira wa maji. Unazifunga kwenye shafti, vichwa vyake upande mmoja, unajaribu. Unazihamisha robo ya mzunguko, unajaribu tena. Vichwa ndio uzito wenyewe, na kama shafti ina upande mzito, iko sehemu moja ambapo mtetemo unapungua na nyingine ambapo unazidi. Alijaribu pande zote nne. Mvumo haukujali. Nilidhani ameshindwa, na yeye alikuwa amefurahi: shafti isiyojali klipu haina tatizo la uzito. Kwa subira ile alikuwa ameondoa kila kitu isipokuwa pembe.

Krosi ni kiungo cha zamani. Katika lugha nyingi kinaitwa kwa jina la Gerolamo Cardano, Mwitaliano aliyeishi kati ya 1501 na 1576. Kina tabia moja ya ajabu. Kikizungushwa kwa pembe, upande unaopokea hauendi sawasawa: unaharakisha na kuchelewa, mara mbili katika kila mzunguko. Dawa yake ni krosi ya pili iliyopinda kwa pembe hiyohiyo, ili inachokiharibu ya kwanza kirekebishwe na ya pili. Pembe zikitofautiana, deni linabaki, na difu inalilipa kwa kutetema. Mafundi wa shafti hupenda pembe ndogo, kati ya nyuzi 1 na 3, zisizopishana zaidi ya nyuzi 1. Sifuri nayo hawaitaki, kwa kuwa vile vipini vidogo vya beringi ndani ya krosi vinahitaji kujongea kidogo. Vikikaa mahali pamoja vinachimba.

Alipima kwa geji ya pembe. Mbele nyuzi 2, nyuma karibu 5.

“Springi hizi nani aliongeza pleti?” aliuliza. Dereva akakumbuka hapohapo. Tajiri alikuwa ameongeza pleti nyuma kila upande, gari lisikae chini likipakiwa. Lile jibu la “hakuna” la siku ya kwanza lilikuwa la kweli kwa dereva: kuongeza pleti si matengenezo ya mtetemo, basi hakuona sababu ya kulitaja. Mkia wa gari ulikuwa umepanda, propela ikainama zaidi kwenda difu. Likijaa abiria springi zinashuka, pembe zinakaribiana, mvumo unapungua. Konda alikuwa ameyasema yote hayo bila kujua anasema nini.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kutoa pleti, na tajiri alikataa kwa simu. Ya pili ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli, zinazoigeuza pua ya difu nyuzi chache. Ila kabari inayolinyamazisha gari tupu kabisa inaweza kuliharibu likiwa limejaa. Fundi alipakia magunia ya mchanga kwenye siti, akapima tena, akatoa nusu, akapima tena, kijana wake akiandika. Kisha akachagua kabari ya nyuzi 2, si ya 3, akamweleza dereva kwa nini: hesabu ilikuwa bora kabisa likiwa na abiria wengi, na likiwa tupu angeusikia mvumo kwa mbali karibu na 80, ambao hautaumiza krosi.

Barabarani ilikuwa hivyo. Likiwa na magunia, kimya mpaka 80. Tupu, konda alisema masikio hayazibi tena, ila akitaka kuusikia anausikia. Fundi akamwagiza dereva alirudishe baada ya safari chache ili yubolti zikazwe upya, kwa kuwa kabari mpya hukaa na kulegeza kidogo, na akamwonyesha kwa chaki ni zipi. Tairi moja la mbele, ambalo hakuna aliyelilalamikia, alilizungushia alama pia: lilikuwa na uvimbe mdogo ubavuni, na alitaka litolewe siku hiyohiyo.